Mafuta ya dubu ndani ya mtutu wa bunduki

Muulize mtu yeyote: mwindaji wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, mwaka 1780, alihitaji nini ili arudi nyumbani na nyama? Atakutajia bunduki, baruti na risasi. Akifikiria zaidi ataongeza kisu na mbwa. Mafuta hatayataja. Lakini bila mafuta bunduki ile ilipigwa mara chache tu, halafu risasi ya kufuata ikakwama katikati ya mtutu, na mwenyewe akabaki ameshika fimbo ndefu ya mbao na chuma.

Mafuta hayo yalitoka kwa wanyama, na moja ya yaliyosifiwa sana kwa kazi hii ni mafuta ya dubu mweusi, yaliyoyeyushwa na kuchujwa. Kwa nini dubu, wakati ng'ombe na kondoo walikuwepo? Kulijibu swali hili inabidi tupite kwenye kemia kidogo, tumbo la ng'ombe, misitu ya mialoni, na majiko ya wanawake wa mataifa ya wenyeji wa Marekani. Pia inabidi tuangalie nani alilipa gharama. Twende taratibu.

Tuanze na gobori

Kama umekulia kijijini, huenda umewahi kuliona gobori, au angalau kusikia habari zake kwa wazee. Gobori ni bunduki ya kushindilia: kila kitu kinaingilia mdomoni. Unamimina baruti, unatia tambara au nyuzi za kuizuia, unatia risasi au marisau, unashindilia kwa mdeki. Kisha unawasha, zamani kwa mrao, baadaye kwa jiwe la gumegume, na baadaye zaidi kwa fataki.

Ndani, mtutu wa gobori ni laini kama bomba la maji. Risasi ni ndogo kuliko tundu la mtutu, kwa hiyo inateremka bila shida. Ubaya wake ni kwamba ikifyatuliwa inatoka ikigongagonga kuta za mtutu, na hakuna anayejua mgongo wa mwisho utaielekeza wapi. Askari wa karne ya 18 waliotumia bunduki za namna hiyo walisimama kwa mistari na kufyatua kwa pamoja kwa sababu hiyo hiyo: mtu mmoja akimlenga mtu mmoja aliye mita 100 mbele, kumpata ilikuwa bahati.

Sasa kumbuka pia, ule mchezo wa watoto. Pia ikizunguka inasimama wima. Ikiacha kuzunguka inaanguka. Risasi nayo ni hivyo hivyo, ikizunguka hewani inashika njia yake. Mafundi wa Ulaya ya kati walilijua hilo mapema, wakachonga vijifereji vinavyojipinda ndani ya mtutu ili risasi itoke ikizunguka. Bunduki yenye vijifereji hivyo ndiyo tunayoiita raifo. Mwanzoni mwa karne ya 18, mafundi wa asili ya Kijerumani na Kiswisi walihamia Pennsylvania, hasa maeneo ya Lancaster, na ufundi wao. Wakarefusha mtutu ukapita mita 1, wakapunguza ukubwa wa risasi ili kuokoa madini ya risasi na baruti, na ikapatikana ile raifo ndefu ya Pennsylvania ambayo baadaye watu waliizoea kwa jina la Kentucky.

Hapo likazuka tatizo. Ili risasi izunguke lazima ibane kwenye vijifereji. Ili iingilie mdomoni lazima ilegee. Vyote viwili kwa wakati mmoja vinawezekanaje?

Jibu lilikuwa kiraka. Unachukua kipande kidogo cha kitambaa cha kitani au ngozi laini, unakipaka mafuta, unakitandika mdomoni mwa mtutu, unaweka goroli ya risasi juu yake, unasukuma vyote pamoja hadi chini. Goroli ni ndogo kuliko tundu, lakini kiraka kinajaza nafasi iliyobaki na kuingia kwenye vijifereji. Ukifyatua, vijifereji vinakizungusha kiraka, kiraka kinaizungusha goroli, na vikitoka nje kiraka kinaanguka, goroli inaendelea na safari. Bunduki nyingi za aina hiyo zilikuwa na kisanduku kidogo kilichochongwa kwenye kitako, chenye kifuniko cha shaba, cha kuwekea viraka au mafuta yenyewe. Kwa hiyo fundi alipochonga bunduki alikuwa tayari ameyatengea mafuta chumba chake.

Ukoko wa baruti

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura kiasi cha asilimia 75, makaa asilimia 15, na kiberiti, yaani salfa, asilimia 10. Watu wengi wanadhani ikiungua inageuka moshi wote. Sivyo. Katika miaka ya 1870, Andrew Noble na Frederick Abel wa Uingereza waliilipua baruti ndani ya vyombo vya chuma vilivyofungwa, wakapima kilichobaki. Zaidi ya nusu ya uzito wake haikugeuka gesi. Ilibaki kama vitu vigumu: kaboneti ya potasiamu, salfeti ya potasiamu, misombo mingine ya salfa, na makaa ambayo hayakuungua.

Sehemu ya vitu hivyo inatoka kama ule moshi mweupe mzito, na sehemu inaganda kwenye kuta za mtutu. Fikiria ukoko wa wali chini ya sufuria. Pishi la kwanza ukoko ni mwembamba. Ukipika la pili bila kuosha unaongezeka, la tatu ndiyo kabisa. Mtutu nao ni vivyo hivyo. Kwa gobori ukoko si tatizo kubwa sana kwa sababu risasi imelegea. Kwa raifo, ambapo kiraka kinabana tangu mwanzo, ukoko wa mipigo michache unatosha kuifanya goroli ikatae kushuka.

Halafu kuna unyevu. Chumvi hizo za potasiamu zinavuta maji kutoka hewani. Ukiulaza mtutu mchafu usiku mmoja, asubuhi unakuta kutu.

Kwa hiyo mafuta ya kiraka yalikuwa na kazi nne. Kwanza, kulainisha njia wakati wa kushindilia. Pili, kukilinda kitambaa kisiungue kabla hakijatoka nje, maana kiraka kikiungua katikati ya mtutu goroli inapoteza mshiko wake. Tatu, kuufanya ukoko ubaki laini, ili kiraka cha mpigo unaofuata kiukwangue kikishuka. Nne, kuacha utando mwembamba wa kuzuia kutu. Askari mwenye bunduki ya mtutu laini angeweza kupiga mara 3 kwa dakika. Mwenye raifo alishukuru akipiga mara 1. Na bila mafuta mazuri hata hiyo moja ilikuwa mashakani.

Kwa nini si mafuta yoyote tu?

Watu walitumia walichokuwa nacho: shahamu ya ng'ombe, ya kondoo, ya kulungu, mafuta ya nguruwe, hata mate. Mate yanafaa ukiwa unashindana kulenga shabaha na unafyatua papo hapo. Mwindaji anayetembea na bunduki iliyoshindiliwa tangu alfajiri hawezi kutegemea mate; yanakauka, au yanailowesha baruti, au yanaanzisha kutu.

Shahamu ya ng'ombe ina shida nyingine. Msimu wa kuwinda kule ni kuanzia majira ya vuli hadi baridi, na milimani joto hushuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Katika hali hiyo shahamu ya ng'ombe au kondoo inakuwa ngumu kama mshumaa. Na si mfano tu, mishumaa ya wakati huo ilitengenezwa kwa shahamu hiyo hiyo. Kiraka chenye mshumaa hakilainishi kitu.

Wewe mwenyewe unalijua jambo hili jikoni. Mafuta ya nazi ukiwa Dar es Salaam au Mombasa ni maji. Yapeleke Njombe au Limuru mwezi wa Julai, inabidi uyachimbe kwa kijiko. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24, basi. Mafuta ya alizeti kwenye baridi hiyo hiyo yanaendelea kumiminika. Yote ni mafuta, tofauti iko wapi?

Iko kwenye umbo la molekuli. Mafuta ya kula, ya wanyama kwa mimea, yamejengwa kwa asidi za mafuta, yaani minyororo mirefu ya kaboni. Chukua mbili: asidi ya steariki na asidi ya oleiki. Kila moja ina kaboni 18. Ya kwanza mnyororo wake umenyooka. Ya pili ina kifungo maradufu katikati, na kifungo hicho kinaupinda mnyororo kama kiwiko. Minyororo iliyonyooka inapangana vizuri, kama kuni zilizonyooka kwenye mzigo, inashikana na kuwa kitu kigumu. Iliyopinda haipangani, inateleza. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuifanya asidi ya steariki iyeyuke kwenye nyuzi 69, na ya oleiki kwenye nyuzi 13.

Shahamu ya ng'ombe ina minyororo mingi iliyonyooka. Mafuta ya dubu mweusi yana minyororo mingi iliyopinda, hasa asidi ya oleiki, ile ile inayopatikana kwa wingi kwenye mafuta ya zeituni. Ukiyaacha mafuta ya dubu kwenye chombo, mara nyingi yanajitenga: juu mafuta yanayomiminika, chini uji mweupe laini. Ya juu yanapakwa kwenye mitambo ya bunduki na ngozi. Ya chini yanapakwa kwenye viraka. Baridi ya asubuhi haiyagandishi yakawa mshumaa.

Hayakuwa na ukamilifu, lakini. Mafuta laini sana, siku ya joto, yanatoka kwenye kiraka na kupenya kwenye baruti iliyo chini yake, na baruti yenye mafuta haiwaki vizuri. Dawa yake ilikuwa kuyachanganya na nta ya nyuki, kidogo au nyingi kulingana na hali ya hewa. Na minyororo iliyopinda inashambuliwa kirahisi na oksijeni, kwa hiyo mafuta yasiyotunzwa yanachacha na kunuka. Kila sifa ina bei yake.

Tumbo la ng'ombe na msitu wa mialoni

Sasa swali la biolojia: dubu anayapata wapi mafuta laini, na ng'ombe anashindwaje?

Ng'ombe, kondoo, mbuzi na kulungu ni wanyama wanaocheua. Chakula chao kinakaa kwanza kwenye tumbo kubwa lililojaa bakteria. Bakteria hao, pamoja na kazi nyingine, wanaongeza haidrojeni kwenye asidi za mafuta zilizopinda na kuzinyoosha. Hata ng'ombe akila majani yenye mafuta laini, yanayofika mwilini mwake mengi yameshanyooshwa. Ndiyo maana shahamu ya mbuzi inaganda kwenye sahani yako kabla hujamaliza kula.

Dubu hacheui. Tumbo lake ni moja, kama letu, na mafuta anayokula yanahifadhiwa yakiwa karibu na yalivyoingia. Na anakula nini wakati wa vuli? Katika misitu ya mashariki mwa Marekani anakula mbegu za mialoni na karanga za miti mingine ya msituni, na nyingi kati ya hizo zina asidi ya oleiki kwa wingi. Kwa maneno mengine, mafuta ya dubu ni mafuta ya msitu yaliyopitia kwenye mwili wa mnyama. Nguruwe naye hacheui, na akilishwa mbegu za mialoni mafuta yake yanalainika vivyo hivyo. Ila nyama ya nguruwe wakati ule ilihifadhiwa kwa chumvi, na mafuta yenye chumvi kwenye chuma ni kukaribisha kutu.

Kiasi nacho kilikuwa cha ajabu. Kabla ya baridi, dubu anaingia kwenye kipindi cha kula bila kushiba. Anaweza kufikisha kalori 20,000 kwa siku. Halafu anaingia pangoni au ndani ya mti wenye tundu, anakaa miezi 5 hadi 7 bila kula, bila kunywa, bila kwenda haja. Watafiti waliowapima dubu weusi huko Alaska, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011, walikuta joto la mwili wa dubu aliyelala linabaki kati ya nyuzi 30 na 36, wakati matumizi yake ya nishati yameshuka hadi robo ya kawaida. Nishati hiyo yote inatoka kwenye mafuta aliyoyabeba. Mwindaji aliyemuua dubu mwishoni mwa vuli alikuwa amechukua akiba ya miezi 6 ya mnyama huyo.

Maarifa yalikuwa ya nani?

Hapa ndipo hadithi nyingi za mwindaji shujaa na raifo yake huwa kimya. Walowezi hawakuyagundua mafuta ya dubu. Mwaka 1540, msafara wa Mhispania Hernando de Soto ulipofika mji wa Chiaha, katika eneo ambalo leo ni Tennessee, mmoja wa waliokuwemo aliandika kwamba walikuta vibuyu vyenye mafuta yaliyoyeyushwa kama mafuta ya zeituni, na wenyeji wakasema ni ya dubu. Hakuna raifo hata moja iliyokuwa imefika huko. Vibuyu vilikuwa vimeshajaa.

Wenyeji waliyatumia mafuta hayo kupikia, kupaka nywele na ngozi, kuchanganyia rangi, na kulainishia ngozi za wanyama. Kuyeyusha ilikuwa kazi ya wanawake, na ni kazi yenye masharti. Unatenganisha mafuta na nyama, maana nyama ikibaki inaoza. Unakatakata vipande vidogo ili viyeyuke kwa pamoja. Moto uwe mdogo, ukizidi mafuta yanaungua na kuwa meusi. Unasubiri maji yote yatoke, kwa sababu maji yakibaki mafuta yanaharibika haraka. Kisha unachuja. Anayejua kukaanga mafuta ya kondoo au kutengeneza samli ataitambua kazi hii mara moja: ukiona povu limekwisha na sauti ya kuchemka imetulia, maji yameisha.

Mfaransa Antoine-Simon Le Page du Pratz, aliyeishi Louisiana kuanzia 1718 hadi 1734, alieleza namna wenyeji walivyoyafungasha. Walichuna ngozi ya kulungu nzima bila kuipasua, wakaziba matundu, wakaijaza mafuta kupitia shingoni. Wafaransa waliuita mzigo huo kulungu wa mafuta. Na bei yake? Kwa maelezo yake, kulungu mmoja wa mafuta alibadilishwa kwa bunduki moja, au kitambaa, au kitu chenye thamani kama hiyo.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Bunduki ilikuwa inakwenda upande mmoja, mafuta upande mwingine. Wakoloni wa New Orleans waliyapikia, wakayawashia taa, wakayapaka kwenye chuma. Biashara ile ilibebwa na maarifa ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Na hawakuwa watu wa kuvuna bila kufikiria kesho. Benjamin Hawkins, wakala wa serikali ya Marekani aliyeishi kati ya Wacreek, aliandika mwishoni mwa karne ya 18 kwamba miji yao ilikuwa na maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya dubu, ambayo yaliheshimiwa kama ardhi ya dubu.

Bili inafika

Biashara ikikua, mnyama anapungua. Katika Arkansas, jimbo lililowahi kuitwa Jimbo la Dubu, kuna mji mdogo kando ya mto White unaoitwa Oil Trough, yaani Hori la Mafuta. Jina hilo linahusishwa na wawindaji waliochonga magogo yakawa mahori, wakayajaza mafuta ya dubu, na kuyapeleka kwa mto hadi New Orleans. Davy Crockett, mwindaji aliyegeuka mwanasiasa wa Tennessee, alijigamba katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1834 kwamba aliua dubu 105 katika muda usiofika mwaka mmoja. Hata ukipunguza chumvi ya mwindaji, ujumbe unaupata.

Wakati huo huo, watu wenyewe walikuwa wanaondolewa. Sheria ya mwaka 1830 iliipa serikali ya Marekani nguvu ya kuwahamisha wenyeji wa kusini mashariki kwenda magharibi ya mto Mississippi. Wachoctaw, Wacreek, Wacherokee na wengine walitolewa kwenye ardhi zao, na maelfu walikufa njiani. Maeneo ya dubu yaliyotengwa na Wacreek yakawa mashamba ya pamba yaliyolimwa na watumwa Waafrika. Mialoni ikakatwa. Katika Arkansas, kufikia miaka ya 1930 dubu waliobaki walikadiriwa kuwa chini ya 50.

Ukiangalia mnyororo wote, mwaloni ulimlisha dubu, dubu akatoa mafuta, mafuta yakaifanya raifo ifanye kazi, na raifo pamoja na shoka vikamaliza dubu na mwaloni. Hakuna mtu mmoja aliyepanga iwe hivyo. Kila mwindaji alikuwa anatafuta tu kiraka kisichokwama.

Mafuta ya nani? Swali lililowasha vita

Kama bado unaona mafuta ya bunduki ni jambo dogo, tuwaache wawindaji kidogo tuwaangalie wanajeshi. Jeshi haliwezi kutegemea dubu. Linahitaji mafuta ya bei rahisi, kwa mapipa. Karne ya 19 ilipoleta raifo za kijeshi, risasi zilifungwa kwenye karatasi pamoja na baruti, na karatasi ikapakwa mafuta kwa sababu zile zile: njia, ukoko, kutu. Askari aliirarua karatasi kwa meno, akamimina baruti, akashindilia.

Mwaka 1857, jeshi la Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India lilikuwa linaleta raifo mpya ya Enfield. Askari wa Kihindi wakasikia kwamba karatasi zake zimepakwa shahamu ya ng'ombe na mafuta ya nguruwe. Kwa Mhindu, kugusa kwa mdomo mafuta ya ng'ombe ni kujinajisi. Kwa Mwislamu, nguruwe ni haramu. Maofisa wakasema askari wanaweza kupaka mafuta yao wenyewe, lakini imani ilikuwa imeshavunjika. Mwezi wa Aprili, huko Meerut, askari 85 wa farasi walikataa kuzipokea risasi hizo. Wakafungwa pingu mbele ya wenzao, na tarehe 10 Mei uasi ukaanza. Sababu zilikuwa nyingi, za ardhi, mishahara na dharau za miaka mingi, ila cheche ilikuwa swali la mafuta yametoka kwa mnyama gani. Mhandisi anauliza mafuta yanayeyuka kwenye nyuzi ngapi. Anayeyatia mdomoni ana maswali mengine.

Yaliondokaje, yakarudije?

Mwaka 1859 kisima cha mafuta cha Edwin Drake kilianza kutoa mafuta ya petroli huko Titusville, Pennsylvania, jimbo lile lile la mafundi wa raifo ndefu. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi, ambayo haiachi ukoko kama ule. Bunduki zikaanza kushindiliwa kwa nyuma, risasi zikawa na vikopo vya shaba, na ndani ya kizazi kimoja dubu hakuhitajika tena kwenye mtutu.

Ila ukoko wa baruti nyeusi haukubadilika. Chama cha taifa cha wapenzi wa raifo za kushindilia nchini Marekani kilianzishwa mwaka 1933, na mpaka leo maelfu ya watu huko hushindilia bunduki za namna hiyo kwa michezo na uwindaji. Wengi wao watakwambia jambo moja: mafuta ya petroli yakikutana na ukoko wa baruti nyeusi yanafanya kitu kama lami. Mafuta ya wanyama na ya mimea, pamoja na nta, hayafanyi hivyo. Basi wamerudi kwenye mapishi ya zamani, na mafuta ya dubu yamo.

Dubu nao wamerudi, si kwa bahati. Kati ya 1958 na 1968, idara ya wanyamapori ya Arkansas iliwaleta dubu zaidi ya 250 kutoka Minnesota na Manitoba ya Kanada na kuwaachia kwenye milima ya jimbo hilo. Sasa wako maelfu, na uwindaji unaruhusiwa kwa msimu na kwa idadi. Ardhi ya dubu iliyotengwa kwa makusudi, wazo ambalo Hawkins alilikuta kwa Wacreek zaidi ya miaka 200 iliyopita, imekuwa sheria kwa jina jingine.

Jaribu nyumbani

Huhitaji bunduki wala dubu kuiona sayansi hii. Chukua vikombe vitatu vidogo: kimoja shahamu ya ng'ombe au mbuzi iliyoyeyushwa na kuchujwa, kimoja mafuta ya nazi, kimoja mafuta ya alizeti. Viweke kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi chovya kidole kwenye kila kikombe, kisha pitisha kidole hicho kwenye kioo. Jiulize ni kipi ungekipaka kwenye kiraka saa 11 alfajiri milimani, na kipi ungekipaka mchana wa Tanga. Utaona si lazima majibu yawe sawa, na hapo utakuwa umeelewa kwa nini nta ya nyuki ilihitajika.

Na kama babu yako au jirani yake aliwahi kuwa na gobori, muulize alikuwa akiusafisha mtutu kwa nini, na mitambo alikuwa akiipaka nini: nazi, samli, nyonyo, shahamu? Muulize pia nani nyumbani alikuwa anayatengeneza mafuta hayo. Andika anachokwambia, pamoja na majina, halafu tutumie.